Usiuze harufu ya dakika ya kwanza

Wafanyabiashara wenzangu, hasa nyie mnaouza mafuta ya kunukia mtandaoni, leo nina neno kuhusu ahadi moja: "Inadumu saa 24." Utaikuta karibu kila ukurasa. Mafuta ya udi, saa 24. Asmini, saa 24. Mafuta ya limau nayo eti saa 24! Ukiuliza nani alikaa na saa akapima, hakuna. Tunanakiliana tu.

Msimamo wangu ni huu: kama unauza mafuta asilia, acha kuuza saa, uza mabadiliko. Mwambie mteja itanukiaje akipaka, itanukiaje baada ya saa moja, na jioni atabaki na nini. Najua wengi mtasema hayo ni maneno mengi, mteja anataka picha na bei. Nitafika huko. Kwanza tuelewe bidhaa yenyewe, maana muuzaji asiyejua anachouza akiulizwa swali la pili tu anakwama.

KWA NINI HARUFU INABADILIKA

Tone moja la mafuta asilia siyo kitu kimoja. Ndani yake kuna vitu vingi vidogo vidogo vilivyochanganyika na kila kimoja kina uzito wake. Vile vyepesi vinaruka haraka ukishapaka, kwa sababu ngozi ina joto. Vizito vinabaki nyuma. Yaani ni kama shughuli ya harusi. Kuna wageni wanakula na kuondoka, kuna wanaokaa mpaka bibi harusi atolewe, halafu kuna wenye shughuli wanaobaki mpaka sufuria ya mwisho ioshwe. Ukifika saa nne usiku hukuti watu wale wale uliowaacha mchana, lakini shughuli ni ile ile.

Limau, chungwa na mchaichai ni wageni wa haraka. Vinakupokea vizuri sana, vinachangamsha, halafu ndani ya nusu saa au saa moja hivi vimepungua sana. Maua kama waridi, asmini na langilangi yanakaa katikati, saa chache. Msandali, pachuli na udi ndiyo wenye shughuli. Unaweza kupaka asubuhi na jioni bado vipo, na kwenye nguo vikakaa hata siku mbili tatu.

Sasa mtu akikuambia mafuta yake ya limau asilia tupu yananukia limau mpaka kesho, jiulize. Ama hayajawahi kupakwa na yeye mwenyewe, ama siyo limau tupu. Asili ya limau ni kuondoka mapema. Hiyo siyo kasoro.

Na sisi watu wa pwani hili tunalijua siku nyingi ila tunalisahau tukifungua ukurasa wa biashara. Nani aliwahi kununua kikuba cha asmini jioni halafu asubuhi akarudi kudai hela kwa sababu kimenyauka? Hakuna. Kila mtu anajua kikuba ni cha usiku ule. Aliyenunua alijua ananunua nini. Hapo ndo penye siri yote: ugomvi hauletwi na harufu kuisha, unaletwa na mteja kutojua kwamba itaisha au itageuka.

UDI NDIYO MFANO MKUBWA

Tuchukue mafuta ya udi, maana ndiyo yanayouzwa kwa bei kubwa na ndiyo yanayoleta malalamiko makubwa.

Udi unatoka kwenye mti uitwao Aquilaria, unaoota Asia: Assam kule India, Bangladesh, Kambodia, Vietnam, Malaysia, Indonesia. Mti ukiwa mzima mbao yake hainukii kitu cha maana. Ni pale unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu ndipo unatoa utomvu mzito wa kujikinga, na mbao inakuwa nyeusi. Hiyo mbao nyeusi ndiyo inayofukizwa na ndiyo inayokamuliwa mafuta kwa mvuke. Haipatikani kirahisi, na miti ya porini imekatwa sana, mpaka tangu mwaka 2005 aina zote za Aquilaria ziko kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ndiyo maana bei iko pale ilipo.

Kwenye mtindo wa India, mbao inalowekwa kwenye maji siku nyingi kabla ya kuchemshwa. Inachacha. Matokeo yake mafuta yakifunguliwa yana harufu nzito sana, kama ngozi mbichi, wengine wanasema kama zizi la ng'ombe. Siyo utani, ndivyo yalivyo, na wapenzi wa udi wanaitafuta harufu hiyo hiyo. Mpe nusu saa mpaka saa moja. Uzizi unashuka, mti unatokea, na moshi kidogo. Baada ya saa tatu nne unabaki utamu mtulivu, umekaa karibu na mwili, mtu anausikia akikusogelea. Kesho yake ukinusa kanzu au mtandio, bado upo.

Sasa fikiria mteja wa Dodoma au Mwanza ambaye udi anaoujua ni ule wa vijiti vya dukani. Ameona posti yako: "Udi original, harufu tamu, inadumu saa 24." Amelipa, mzigo umesafiri kwa basi, amefungua chupa akakutana na zizi. Atafanya nini? Atapiga picha, ataandika "huyu tapeli", na atakutag. Kuna dada mmoja kwenye kundi letu la wauzaji yalimkuta haya haya. Mafuta yalikuwa mazuri tu. Alipomuomba mteja apake kidogo asubiri mpaka jioni, jibu lilikuwa, "Mbona hukusema mapema?" Na mteja alikuwa na haki. Siku hiyo dada alirudisha hela, nauli ya mzigo ikawa juu yake, na chupa ilishafunguliwa kwa hiyo hakuweza kuiuza tena. Hasara tatu kwa sentensi moja ambayo haikuandikwa.

"LAKINI NIKISEMA ZIZI, NANI ATANUNUA?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikisema haya. Jibu langu: hatanunua yule ambaye angekurudishia. Atanunua yule anayeitafuta. Na katikati yao kuna kundi kubwa la watu ambao hawajawahi kujaribu, wakielezwa vizuri wanapata hamu. Mwambie mtu "inaanza kali, ukivumilia nusu saa utaipenda" uone kama hatauliza bei. Watu wanapenda kitu chenye stori.

Kuna wanaonipinga kwa hoja nyingine: wanunuzi wengi wamezoea marashi ya kupuliza, yenye alkoholi, yanayojaa chumba kizima mara moja, kwa hiyo mafuta yasiyojaza chumba wanaona hayafai. Ni kweli wamezoea. Alkoholi inaruka haraka na kuibeba harufu hewani, ndiyo maana unaisikia ukiwa mlangoni. Mafuta hayana alkoholi, yanatoka polepole na yanakaa karibu na ngozi. Ni bidhaa mbili tofauti. Ukiyapigia debe kama marashi ya kupuliza umeingia kwenye mashindano ambayo huwezi kushinda. Ukisema "hii ni ya mtu atakayekukumbatia", umepata soko lako.

ASILIA AU MCHANGANYIKO, SEMA

Hapa naomba tuongee kama ndugu. Mafuta mengi tunayonunua kwa jumla siyo asilia tupu. Yana harufu za kutengenezwa maabara, na hakuna ubaya wowote. Mengine ni mazuri, bei yake inafikika na yanakaa muda mrefu. Mchanganyiko siyo dhambi. Dhambi ni kuuandika "asilia 100%".

Muuzaji mmoja wa jumla aliniambia, "Wewe andika asilia tu, nani atapima?" Nikamwambia atapima mteja, kwa pua yake, kwa saa nane. Harufu nyingi za kutengenezwa za bei rahisi zinabaki vile vile tangu dakika ya kwanza mpaka zinapoisha. Asilia inatembea. Mteja anaweza asijue kemia lakini akishavaa udi wa kweli mara moja, ule wa pili usiogeuka atautilia shaka. Siyo kipimo cha maabara, ila wateja wakongwe wanakitumia.

Na hesabu nayo inasema. Kilo moja ya mafuta ya waridi inahitaji zaidi ya tani 3 za maua. Asmini haivumilii mvuke wa moto, mafuta yake yanatolewa kwa njia nyingine ya gharama. Kwa hiyo ukiletewa lita nzima ya "waridi asilia" kwa bei ya mafuta ya kupikia, huhitaji mtaalamu.

Ukitaka kuanza na asilia ambazo bei yake inabebeka, tuna vitu hapa hapa. Pemba, pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta ya karafuu. Majirani zetu Komoro wanasifika duniani kwa langilangi. Mchaichai unapatikana. Hizi ni harufu ambazo mteja wetu anazijua tangu utotoni, na stori yake unaweza kuisimulia bila kubahatisha.

JINSI YA KUFANYA

Moja. Jipakie mwenyewe. Chukua daftari, tone moja juu ya kifundo cha mkono, siku moja mafuta ya aina moja tu, usichanganye. Andika unachosikia ukipaka, baada ya robo saa, saa moja, saa nne, na kabla ya kulala. Usitafute maneno makubwa. "Kama ganda la chungwa", "kama sabuni ya mtoto", "kama mbao iliyokatwa sasa hivi" yanatosha kabisa. Halafu mpe mtu mwingine wa nyumbani apake, kwa sababu ngozi hazifanani. Ngozi kavu inamaliza harufu mapema, yenye mafuta inaishikilia zaidi. Joto la Dar au Tanga linairusha haraka kuliko baridi ya Arusha au Mbeya. Mteja wa mkoani akikuambia kwake imekuwa tofauti, usibishe.

Mbili. Jua kuhusu pua kuzoea. Mtu akivaa harufu moja kwa muda, pua yake inaacha kuisikia ingawa wengine wanaisikia. Malalamiko mengi ya "imeisha baada ya saa moja" ni haya. Kabla ya kukubali au kukataa, muombe aulize mtu aliye karibu, au atoke nje apigwe na upepo kidogo kisha anuse tena. Utaokoa pesa nyingi kwa ushauri huu mmoja.

Tatu. Andika maelezo yenye saa ndani yake. Mfano wa udi:

"Mafuta ya udi, mtindo wa India, mililita 3. Ukipaka: nzito, kama ngozi na zizi, usiogope. Nusu saa mpaka saa moja: mti na moshi. Saa tatu nne: utamu mtulivu, karibu na mwili. Kesho yake utausikia kwenye nguo. Ngozi kavu hukaa muda mfupi zaidi. Haina alkoholi. Paka kwenye ngozi, usidondoshe kwenye kanzu nyeupe, inaacha doa. Haimfai anayetaka harufu ya maua."

Ona ile sentensi ya mwisho. Kumwambia mtu bidhaa haimfai kunajenga imani kuliko kumsifia bidhaa kumi.

Nne. Uza kionjo. Tola moja ni kama mililita 12, ukigawa nusu nusu mililita unapata vichupa 24, na kila kimoja kina matone kama kumi, yanatosha siku kadhaa. Tuseme tola umeinunua laki moja na elfu ishirini. Kila kichupa kimekugharimu elfu tano, ongeza hela ya kichupa chenyewe. Usikitoe bure, utafilisika. Kiuze, halafu mwambie akirudi kuchukua chupa kubwa ile hela ya kionjo unaikata. Akiwa wa mkoani, mtumie kionjo pamoja na chupa kubwa iliyofungwa vizuri: afungue kionjo kwanza, akae nacho siku mbili, akiona haimfai arudishe kubwa ikiwa haijafunguliwa, nauli kila mtu ajue mapema ni ya nani. Hapo hata ugomvi hauna pa kuanzia.

Tano. Usimuachie mteja wa dukani alipie hapo hapo kwa kunusa kifuniko. Mpake, mwambie azunguke sokoni amalize shughuli zake, arudi. Wengine hawatarudi, sawa. Watakaorudi wanakuja wameshaamua, na hawapunguzi bei sana.

Sita. Mfundishe kuifanya ikae. Ngozi iwe safi na imepakwa mafuta yasiyo na harufu kwanza. Nyuma ya masikio, shingoni, kwenye vifundo. Asisugue vifundo kwa nguvu, msuguano unaongeza joto na kuharakisha ile harufu ya mwanzo kuondoka. Na bibi zetu walishatuonyesha njia ya zamani: nguo inafukizwa udi kwenye chetezo, mwili unapakwa mafuta, kichwani asmini. Tabaka juu ya tabaka. Hiyo ndiyo namna ya kukaa na harufu siku nzima bila kudanganyana, na wewe umeuza bidhaa mbili tatu badala ya moja.

Saba. Usalama. "Asilia" haina maana haidhuru. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa na mafuta mengine yanaunguza ngozi. Mafuta ya limau yaliyokamuliwa kwenye ganda, ukiyapaka ukatoka juani, yanaweza kukuachia jeraha au doa jeusi. Mwambie mteja ajaribu tone dogo ndani ya mkono na asubiri siku moja. Mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga amuulize daktari kwanza. Ukikosa oda moja kwa sababu hiyo, afadhali.

Nane. Tunza mzigo. Chupa ya kioo cheusi, kifuniko kimebana, mbali na jua. Usipange chupa kwenye kioo cha mbele ya duka ili zing'ae kwenye picha. Limau na machungwa yakipata hewa na joto yanaharibika, yananuka kama rangi ya nyumba. Udi, msandali na pachuli vikitunzwa vizuri vinazidi kutulia na kuwa vitamu kadiri vinavyokaa. Kwa hiyo nunua machungwa kidogo kidogo, mtaji wako wa muda mrefu weka kwenye vile vizito.

NENO LANGU LA MWISHO

Biashara ya mtandaoni mteja haoni, hashiki wala hanusi. Ananunua maneno yako. Kwenye nguo angalau kuna picha, kwenye simu kuna namba za betri na kamera. Sisi wa manukato hatuna kingine zaidi ya maneno, kwa hiyo tukiyachakachua tumemaliza biashara yote, siyo yako tu, hata ya yule anayesema ukweli ukurasa wa jirani. Mteja aliyeumizwa mara moja na "saa 24" hasemi "fulani ni muongo", anasema "mafuta ya mtandaoni ni uongo."

Leo usiku chagua chupa moja tu kati ya unazouza. Paka, weka daftari karibu, andika mpaka unalala. Kesho futa ile "inadumu saa 24" kwenye posti yake, weka ulichoandika. Moja tu kwa leo, zingine zitafuata. Biashara njema, ndugu zangu.